Gauni la Mama Mkwe Juu ya Paa

Shakwe wa kwanza alimwahi Mpimaji kabla hajafunga mlango wa paa. Alimshukia kwa nyuma, akamchapa ubawa kisogoni, na mwenzake aliyefuata akamwachia mzigo mweupe begani, wa vuguvugu, unaonuka samaki wa jana. Chini barabarani fundi cherehani alisimamisha mguu kwenye mashine, akatazama juu, akapiga makofi.

"Begani! Nani alisema leo kichwani? Lete soda yangu!"

Muuza magazeti alisonya, akatoa soda. Mchezo huo waliucheza kila asubuhi tangu mayai yalipoanguliwa, na siku hizi hata mwenye duka la dawa alikuwa akitoka na kiti chake kabisa.

Mpimaji hakuwajibu. Mtu aliyesoma mpaka macho yakadai miwani hajibizani na watu wa barabarani, hasa akiwa na kinyesi begani. Aliinama akaanza kazi, na makinda nao wakaanza yao, yaani kukimbia. Wakatawanyika juu ya kokoto kila mmoja na njia yake, vijiguu vikipiga mbio, manyoya yao ya madoadoa yakitetemeka. Mmoja akaparamia kiota cha jirani, na mwenye kiota, ambaye hakuwa mtu wa kupokea wageni, akamdonoa utosini. Mpimaji akamkomboa huyo, akamshika kwa mikono miwili, na kinda akamtapikia kiatuni chakula chote cha asubuhi. Akamtia kwenye kifuko cha kitambaa, akakining'iniza kwenye ndoano ya mizani, akasoma.

"Umekonda tena, maskini," alimwambia kwa huruma ya kweli, huku akifuta kiatu.

Hiyo ndiyo kazi yake aliyoajiriwa. Taasisi ilikuwa imekodi ghorofa ya juu ya jengo lile karibu na bandari, pamoja na paa lake bapa, kwa kuwa shakwe walishajihamia pale wenyewe na kutaga bila kumuuliza mtu. Mtafiti alipewa nyumba chini ya paa akae na mkewe. Asubuhi na jioni apande ngazi, apime makinda, aandike. Mkataba ukiisha, na nyumba imeisha.

Makinda walikuwa wanakonda, na wengine walikuwa wamekufa. Jambo hilo lilimsikitisha Mpimaji kama binadamu na kumpa matumaini kama mwajiriwa, kwa maana Mkurugenzi wa taasisi alikuwa amewaahidi wafadhili kwamba bahari imeingiwa na njaa, samaki hakuna, na ushahidi uko juu ya paa. Makinda wakikonda, mradi unanenepa. Na Mkurugenzi alikuwa amepiga simu.

"Jumamosi nakuja na mama mfadhili," alisema. "Nataka aone kinda aliyekonda, amshike kwa mkono wake mwenyewe, machozi yamtoke. Akikubali, una mwaka mwingine katika nyumba hiyo. Akikataa, mimi na wewe tutakuwa tunasalimiana barabarani. Umenielewa, mtaalamu?"

"Nimekuelewa, mkuu."

"Na ujitahidi kuwa msafi. Mara ya mwisho ulininukia."

Nyumbani, chini ya paa hilo hilo, kulikuwa na mizani nyingine.

Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mama mkwe alikuwa amevuka bandari kuja kumlea mzazi. Alikuja na begi la nguo, mafuta ya kuchua, na mizani ya dukani kwake, ile yenye sahani ya bati na mshale mwekundu, ameifunga ndani ya shuka kama mgonjwa. Mwanamke huyo aliuza maharage, unga na samaki wakavu maisha yake yote, na kwa maisha yake yote alikuwa amewaona watu wakidanganya kwa midomo. Mshale haukuwahi kumdanganya. Kwa hiyo asubuhi na jioni mtoto alitolewa ziwani, akavuliwa nguo, akalazwa kwenye sahani.

"Kapungua," alitangaza mama mkwe jioni hiyo, Mpimaji alipokuwa akivua viatu mlangoni.

"Mama, jana si ulisema kaongezeka?" mkewe alimuuliza kutoka kitandani, sauti imechoka.

"Jana alikuwa na nepi. Mwanangu, mimi sikulaumu. Kuna matiti ya maziwa na kuna matiti ya maji. Bibi yako mzaa baba yalikuwa ya maji."

Mkewe akageukia ukutani. Mpimaji alisikia kila neno, akaendelea na viatu vyake, maana mama mkwe ni mama mkwe. Wawili hao walikuwa wakiishi katika vyumba viwili vidogo kwa adabu kubwa kuliko nyumba. Yeye akiingia sebuleni, mama mkwe huvuta kitambaa cha kichwa na kukumbuka kitu jikoni. Mama mkwe akitoka bafuni, yeye hutazama dari mpaka shingo iume. Wakikutana kwenye kikorido kila mmoja humpisha mwenzake, wakabaki wamepishana hapo mpaka mtoto alie.

"Mwambie aache," mkewe alimnong'oneza walipobaki peke yao. "Mtoto hata usingizi hapati. Akisinzia anaamshwa apimwe, anatapika, akirudishwa ziwani keshachoka hata kunyonya. Na mimi kila siku naambiwa sina maziwa."

"Nimwambie mama yako? Mimi?"

"Si wewe ndiye baba?"

"Mama yako amelea saba. Mimi nimelea nani?"

"Umelea shakwe," alisema mkewe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka kidogo. "Tena wamekonda."

Alhamisi shakwe walizidisha. Sasa hawakumngoja paani. Akitoka mlango wa chini kwenda kununua mkate, wanamjua. Watu kumi wanapita salama, wa kumi na moja ni yeye, na wote wanamshukia yeye. Walimfuata mpaka duka la dawa, wakamsubiri nje juu ya nguzo ya umeme, akatoka, wakaendelea walipoishia. Mwenye duka alimwomba kwa upole awe ananunua dawa kwingine.

Alibadilisha kofia, wakamjua. Akavaa koti la mvua la mkewe, wakamjua. Akapanda na mwavuli, na huo ukawaogopesha makinda hata wawili wakaanguka kwenye mfereji wa maji, akashinda nusu asubuhi amelala kifudifudi anawavua kwa kijiko cha mchuzi.

"Wanakujua sura," mkewe alimwambia, akimpaka dawa kwenye jeraha la kisogoni. "Na huo mwendo wako wa kunyata kama mwizi wa kuku. Hata mimi ningekujua."

"Jumamosi anakuja mfadhili. Siwezi kupanda naye nikiwa napigwa hivi mbele yake."

"Basi panda ukiwa mtu mwingine."

Mkewe alisema hivyo kwa mzaha, akasinzia. Mpimaji hakusinzia. Kwenye kamba ya veranda lilikuwa limeanikwa gauni la mama mkwe, lile pana la zambarau lenye maua ya njano makubwa kama sahani, na kando yake kitambaa cha kichwa cha rangi hiyo hiyo. Mama mkwe mwenyewe alikuwa amejipumzisha na mjukuu chumbani. Mpimaji alilitazama gauni, akatazama pembeni, akalitazama tena. Mtu mwenye haya zake anaweza kuiba fedha za watu akaishi, lakini gauni la mkwe! Akajipiga moyo konde. Alilivaa juu ya shati na suruali, akajifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, akavua miwani, akapanda ngazi akitembea kwa kunyanyua mabega kama anavyotembea mwenyewe mama mkwe.

Shakwe waliruka, wakazunguka, wakapiga kelele za mashaka. Hakuna aliyemgusa. Alipima makinda wote kwa raha zake, ingawa bila miwani alikuwa akiusogelea mshale mpaka pua ikaugusa. Makinda nao walikimbia na kutapika kama kawaida, hao gauni halikuwahadaa. Alishuka akiwa na furaha ya mtu aliyevumbua kitu, akalikung'uta gauni, akalirudisha kwenye kamba. Ijumaa asubuhi akarudia. Ijumaa jioni akarudia tena, ila mara hii shakwe mkubwa mwenye jicho la njano alisimama kwenye ukingo wa paa akamkazia macho muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

Jirani wa ghorofa ya pili, aliyebatizwa Redio kwa sababu zilizo wazi, alikutana na mama mkwe kwenye ngazi usiku haujaingia.

"Hongera mama! Kwa umri wako! Nimekuona kutoka ng'ambo ya barabara, kwa shangazi yangu, unaruka paa zima unakamata ndege kama msichana."

Mama mkwe alimtazama, akamgusa paji la uso kuona kama lina joto, akamshauri anywe maji mengi.

Jumamosi mama mkwe aliamka mapema akasema hawezi kukubali mgeni aje nyumba ya mwanawe akute chai kavu. Akaoga, akavaa gauni lake la zambarau, akafunga kitambaa, akachukua kikapu, akashuka.

Mpimaji alikuwa akipiga mswaki aliposikia kelele za shakwe zimehamia barabarani. Kwanza hakujali. Kisha akasikia sauti ya fundi cherehani, na haikuwa ya kushangilia.

"Jamani! Jamani, ni mama wa watu huyo!"

Alipofika dirishani povu la mswaki lilimkauka mdomoni. Kundi zima lilikuwa juu ya maua ya njano. Mama mkwe alikuwa katikati ya barabara akizungusha kikapu kama mtu anayefukuza nyuki, nyanya zimetawanyika mpaka kwa muuza magazeti, na shakwe mwenye jicho la njano alikuwa akiondoka na kitambaa cha kichwa kuelekea bandarini. Fundi cherehani alimfunika kwa suruali ya mteja akamkimbiza ndani. Hakuna aliyedai soda.

Mama mkwe alipanda ngazi zote. Aliingia sebuleni kichwa wazi, nywele zimesimama, gauni limepakwa chokaa kuanzia mabegani hadi pindoni. Mara hii hakukumbuka kitu chochote jikoni. Aliketi kwenye kiti kikubwa, akamtazama mkwewe usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu harusi.

"Nimekaa mjini humu tangu nizaliwe," alisema taratibu. "Sijawahi kugombana na ndege. Leo wamenijia mimi. Mimi tu. Yule Redio alikuwa pembeni yangu kabisa, hawakumgusa. Unajua ameniambia nini? Kaniambia, 'Mama, si wewe unayewasumbua watoto wao kila siku huko juu?' Nikamwambia mimi sijawahi kupanda paa hilo. Akasema ameniona. Kwa gauni hili. Jana na juzi." "Mkwe. Wewe ni msomi. Nieleze."

Mpimaji alitazama dari. Dari haikumsaidia.

"Ni mimi, mama."

"Ni wewe nini?"

"Niliyekuwa ndani ya gauni."

Chumbani kitanda kililia. Mkewe alikuwa ameinuka kukaa. Mama mkwe alifumba macho.

"Umevaa gauni langu."

"Juu ya suruali, mama."

"Gauni langu la mwilini."

"Juu ya suruali na shati, mama. Na mkanda."

Chumbani ikasikika sauti kama ya mtu anayekabwa. Mkewe alikuwa amejiziba mdomo kwa mto, akicheka huku analia kwa maumivu ya mshono, akiomba wanyamaze jamani watamuua. Mama mkwe hakucheka. Alisimama, akaingia chumbani, akatoka amevaa gauni jingine na amebeba begi lake, akaliweka mlangoni.

"Nampima mjukuu wangu mara ya mwisho," alisema, "kisha naenda kwangu, ambako watu wanavaa nguo zao."

Mtoto alikuwa amesinzia ziwani, shavu limejaa. Bibi yake alimtoa, akamvua, akamlaza kwenye bati. Mtoto akakakamaa kwa baridi, akanyoosha vidole vyote, akapiga yowe, na baada ya yowe yakaja maziwa. Yalikuwa mengi. Yalijaza sahani, yakamwagikia sakafuni mpaka mguuni mwa meza. Bibi alimwinua, akapangusa sahani vizuri kwa kitambaa, maana alikuwa mfanyabiashara mwaminifu, akamrudisha, akasubiri mshale utulie.

"Haya, tazameni wenyewe. Kapungua tena. Mimi nikisema huyu binti hana maziwa, naonekana mchawi."

Kitu kikakatika ndani ya Mpimaji.

"Mama! Kapungua kwa sababu maziwa yako sakafuni!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, na kwa kuwa ilishatoka, aliifuata. "Kila siku unamtoa ziwani amelala, unamvua, unamweka kwenye bati la baridi, analia, anatapika kila alichokula, halafu ndiyo unampima, unasema ana njaa! Hana njaa huyu mtoto! Ana wewe!"

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia mama mkwe hivyo, si mumewe, si watoza ushuru wa soko. Mama mkwe alibaki na kitambaa mkononi. Mkewe alibaki amesimama mlangoni akishikilia tumbo. Na Mpimaji mwenyewe alibaki mdomo wazi, kidole bado kimeelekezwa kwenye maziwa, macho yakitoka kwenye maziwa yakienda kwenye kiatu chake cha kulia, kilichokuwa na madoa makavu ya samaki kuanzia kamba mpaka ncha.

"Mume wangu, una nini?"

"Kiatu," alisema Mpimaji.

"Kiatu kimefanyaje?"

Aliketi sakafuni pale pale. Alikuwa amesoma vitabu vingi kuhusu shakwe, na vingine vilimwonya, akavisoma kama vinavyosomwa vitabu, akafaulu mtihani. Sasa aliwaona makinda wake wote, na mmoja baada ya mwingine walimtapikia, na yeye mmoja baada ya mwingine aliwatia kwenye kifuko wakiwa watupu akaandika bahari ina njaa. Aliwaona na wale waliokufa, waliomkimbia yeye wakaingia viota vya watu, wakadonolewa. Moyo ulimuuma sana. Alikuwa amewapenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mkewe alimwelewa kabla hajaeleza. Alimchukua mtoto, akamfunika, akaketi karibu naye.

"Usiwaambie leo," alisema polepole. "Nakuomba. Mwache mgeni apande, ashuke, akubali. Ukitaka kuwaandikia, utaandika tukishajipanga. Na mtoto huyu, mbichi hivi, tutakwenda wapi?"

Mpimaji alitikisa kichwa kukubali. Mama mkwe alikuwa akiosha sahani ya mizani kwa muda mrefu kuliko uchafu wake, amewapa mgongo.

Mama mfadhili alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye viatu vyeupe ambavyo mtu angemwonya asivivae kama angeulizwa. Mkurugenzi alikuja na suti mpya ya kijivu. Alipanda ngazi akihutubia, na alipofika juu hakuwa ameishiwa pumzi wala maneno.

"Hapa, mheshimiwa, ndipo bahari inapolia. Mtaalamu, mshikie mgeni kinda mmoja. Yule mwembamba mwembamba."

Shakwe walikuwa wameshapaa, wanazunguka, wanatafuta wa kumlaumu. Mpimaji alichukua kifuko chake, akainama. Alikuwa ameamua: atamshika mmoja, atampima, atanyamaza, nyumba itabaki. Makinda wakaanza mbio zao. Yule mwenye jeraha utosini, mwenye pete ya bluu aliyomvisha mwenyewe mguuni, akageuka kushoto, kwenye kiota cha jirani yule yule, na jirani akafungua mdomo. Mpimaji alirudi nyuma haraka, na alipokuwa mbali kinda naye akasimama, akapata njia, akarudi kwao.

"Siwezi, mkuu," alisema.

"Huwezi nini?"

"Kumshika."

"Hii ndiyo shida ya vijana wa siku hizi," Mkurugenzi alimwambia mgeni akicheka, akajitupa mwenyewe kwa suti yake mpya, akamdaka kinda wa pembeni kwa mkono mmoja, akamnyanyua juu kama kombe. "Tazama, mheshimiwa! Mfupa mtupu! Hajala huyu!"

Kinda akatapika. Kwanza kwenye mkono wa suti, kisha kwenye viatu vyeupe: samaki wadogo wanaong'aa, mmoja, mwingine, na mwingine, wazima kabisa, kana kwamba alikuwa ameficha soko zima.

Mama mfadhili aliwatazama samaki. Aliwatazama kwa utulivu mpaka wa mwisho.

"Huyu asiyekula," aliuliza, "hawa amewatoa wapi?"

Mkurugenzi alimgeukia Mpimaji. "Mtaalamu, mweleze mgeni."

Na Mpimaji angeweza. Majibu yalikuwepo, tena ya kisomi, marefu, ambayo mtu huitikia ili yaishe. Alimwona mkewe kwenye mlango wa ngazi na mtoto begani, amepanda kusikiliza, ingawa alikatazwa ngazi.

"Samaki wapo, mheshimiwa. Wazazi wao wanaleta wa kutosha. Mimi napanda asubuhi na jioni, nawashika, wanatapika, ndipo nawapima. Nimekuwa nikipima matumbo niliyoyamwaga mimi mwenyewe. Hawa hawana njaa. Wana mimi."

"Na waliokufa?"

"Walikuwa wananikimbia."

Mpimaji alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Mkurugenzi, kinda bado mkononi, alifungua mdomo kuokoa mradi wake, na hapo shakwe mwenye jicho la njano, ambaye alikuwa amepata wa kumlaumu, akashuka kutoka juu kabisa bila haraka.

"Kichwani!" ilisikika sauti ya fundi cherehani kutoka chini, imejaa furaha. "Kichwani kwa suti! Leteni soda zote!"

Mfadhili alimshukuru Mpimaji kwa kumpa mkono, akamwambia hajawahi kupewa ukweli kwenye ziara, na kwamba mradi wa njaa hauwezi kulipiwa pasipo njaa. Alikuwa mwanamke wa haki, na haki ikafanya kazi yake. Mkurugenzi, akishuka ngazi na leso kichwani, alidai funguo mwisho wa mwezi.

Mpimaji aliingia ndani. Begi la mama mkwe lilikuwa bado mlangoni. Mwenyewe alikuwa ameketi kando yake, ameikumbatia sahani ya bati.

"Nyuma ya duka kuna chumba," alisema akiitazama sakafu, kama zamani. "Si kikubwa. Na mimi nahitaji mtu wa mizani, mgongo wangu umechoka." Kisha, kwa shida, kama mtu anayeng'oa jino: "Yale uliyonikaripia, mwanangu. Uliyasema vibaya. Lakini uliyasema."

Mwanamume kuhamia kwa mama wa mkewe ni habari ambayo Redio aliieneza mji mzima kabla godoro halijavuka bandari. Mpimaji alivumilia. Alisimama nyuma ya kaunta akipima maharage na unga, na wateja waliokuwa wanajua kisa chake walimuuliza kama maharage yamekonda. Hakuwachukia. Alikuwa amegundua kwamba maharage yana tabia njema sana: ukiyashika hayakimbii, na hayatapiki.

Gauni la zambarau halikuvaliwa tena na mtu. Mama mkwe alilipasua akalishona kuwa pazia la kutenganisha kitanda chake na chao, na maua yale ya njano yakatunza adabu ya nyumba. Mtoto hakuwekwa tena kwenye sahani. Bibi yake alimnyanyua kila asubuhi kwa mikono miwili, akafumba macho, akaguna kwa uzito, na guno hilo lilizidi kurefuka. Kwa binti yake hakuwahi kuomba radhi kwa maneno, ila alikuwa akimletea uji kitandani kabla hajaombwa, na siku moja alisikika akimwambia mteja kwamba binti yake ana maziwa ya kulisha mtaa.

Asubuhi moja, mama mkwe akipanga samaki wakavu barazani, shakwe mchanga wa rangi ya kahawia alitua juu ya kaunta. Manyoya yake yalikuwa mapya, kichwa kimejaa kiburi, na kwenye utosi palikuwa na kovu dogo lisiloota kitu. Mguuni alikuwa na pete ya bluu. Mpimaji aliiona pete, na mkono uliokuwa na maharage ukabaki hewani.

Hakusogea. Shakwe alimtazama kwa jicho moja, akamtazama kwa la pili, hakumjua au hakujali. Akatembea taratibu juu ya kaunta kuelekea samaki, akapanda kwenye sahani ya mizani, akasimama humo akijichokonoa ubawa. Mshale mwekundu ukayumba, ukaenda, ukaanza kutulia.

Mpimaji akageuza uso ukutani. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

Akasikia mabawa, kisha kelele za mama mkwe akimfukuzia samaki wake aliyeibwa mpaka nje barabarani. Aliporudi alikuwa anahema.

"Mwanangu, si yule alikuwa kwenye mizani kabisa? Kafika ngapi?"

"Sijui, mama. Sikuangalia."

Mama mkwe alimtazama, akapangusa sahani kwa pindo la nguo yake. Alitazama nje, akatazama ndani, kisha akainama juu ya kaunta, akashusha sauti.

"Mimi nimeangalia," alisema. "Mnene."